Chungu Kilichobebwa Kama Mtoto

Siku moja kabla ya safari, Nanyori alikwenda gulioni Ngaramtoni kununua chungu. Hakutaka vile vilivyopakwa rangi, ambavyo watu wa mjini huvinunua wakapande maua sebuleni. Alipita kwa wauzaji wote, akivigonga vyungu kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, mpaka akapata kimoja cheusi, kipana tumbo, kisicho na ufa.

"Huyu mama anachagua chungu kama anachagua mkwe," muuzaji akamwambia mwenzake. "Mama, unakwenda kupikia nini?"

"Loshoro."

"Loshoro ya kwenye chungu, zama hizi? Wenzako wanachemsha mahindi kwenye presha kuka, wanamwaga mtindi, wamemaliza."

"Nina wageni."

"Haya. Mradi usije ukakivunja tu."

Alisema kwa utani. Nanyori hakucheka. Alilipa, akakitia chungu kwenye kapu lenye majani makavu ya mgomba, akapanda nacho nyumbani kwa miguu.

Kwetu huku, kwa Waarusha na kwa Wameru, na hata kwa Wachaga wa mlima ule mwingine, chungu kilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza kupika. Ya pili ilikuwa kuhukumu. Mtu akidhulumu kwa siri na kukana, wazee walikaa, wakamwita hadharani aseme. Wakamwita tena. Akiendelea kukaa kimya, chungu kilivunjwa mbele za watu, na maneno yaliyosemwa juu yake yalikwenda kumtafuta yeye na uzao wake. Hakukuwa na haja ya karani wala pingu. Nimemwona mtu mzima aliyeiba mtamba akimrudisha mbio, analia, kwa kuwa tu alisikia kuna mzee ameonekana sokoni akigonga vyungu. Leo mwizi anakusalimia barabarani na kukuuliza habari za nyumbani.

Nanyori aliyajua hayo tangu utoto. Alizaliwa upande wa magharibi wa Mlima Meru, juu ya Olmotonyi, na akiwa msichana alifuatana na bibi yake na punda kwenye Njia ya Magadi. Njia hiyo inaanza pale mashamba yanapoishia. Inapita msituni, inavuka bega la mlima, inateremka kwenye nchi kavu ambako bibi zetu walifuata magadi ya ng'ombe. Haikuwa na mwenyewe. Juu kabisa, kabla ya kuteremka, kuna mwamba mkubwa ulioinama kama paa, tunauita Mwamba wa Majani. Kila aliyepita aling'oa majani mabichi akayaweka chini yake, akawakumbuka waliotangulia. Hata adui yako, ukimkuta pale na majani mkononi, ulimpisha.

Sasa pale njia inapoanzia pana bango. Limeandikwa "Njia ya Mababu", na chini yake namba ya simu ya Manase. Mababu wangapi walikuwa na namba ya simu ya Manase, sijui.

Manase alikuja Arusha kijana, akitokea Kilimanjaro, akabeba mizigo ya watalii, akawa kiongozi wa msafara, mwishowe akawa na kampuni yake na magari yake. Simlaumu kwa hilo. Mtu na jasho lake. Namlaumu kwa Yiamat.

Yiamat alikuwa mume wa Nanyori, mpagazi, mtu wa maneno machache. Pombe hakuionja tangu alipobarikiwa kanisani. Alikuwa na koti moja zito la mtumba, lenye vifungo mpaka kooni, ambalo Nanyori alimnunulia kwa maziwa ya msimu mzima. Mwaka ule wa mvua kubwa alipanda Njia ya Magadi na wageni wa kutoka nje, Manase akiwa kiongozi. Aliletwa chini amekufa, amevaa shati. Manase aliwaambia watu kwamba Yiamat alikunywa gongo njiani, akawa mkaidi, akakataa kufuata wenzake, baridi ikammaliza.

Basi mazishi yakageuka somo la ulevi. Mhubiri hakumzungumzia marehemu; alizungumzia chupa. Watoto wa Nanyori, Lesikar na wadogo zake, walikua wakiitwa watoto wa mlevi kisimani, shuleni, kwenye mnada. Shemeji zake walimpokonya shamba la chini wakisema damu ya kilevi haiwezi kulitunza.

Nanyori hakubishana na mtu. Aliuliza swali moja tu, siku ya mazishi, na hakuacha kuliuliza: "Koti liko wapi?" Mlevi huweza kupoteza njia, lakini koti lenye vifungo mpaka kooni halivuki mlima peke yake.

Alimuuliza Manase pale pale kaburini. Manase akamjibu mbele za watu, "Mama, mimi nitajuaje koti la mlevi lilipo?" Kuna waliocheka.

Miaka ikapita. Kisioki, aliyekuwa mpagazi mpya safari ile, alifiwa na mama yake, na Nanyori akaenda kuhani. Ndipo Kisioki, macho yamemvimba kwa kulia, akamvuta nyuma ya boma akamwambia. Yiamat alikuwa na homa. Hakuwa amekunywa hata chai. Kulikuwa na mgeni anatetemeka, begi lake la nguo limelowa, na Manase akamvua Yiamat koti akampa mgeni. Akamwambia, "Kaa hapa chini ya mwamba, tutarudi kukuchukua." Walirudi asubuhi.

"Utasema hayo mbele za watu?" Nanyori akamuuliza.

"Yeyo," akasema Kisioki, maana sisi humwita hivyo mama wa kutuzaa na mama wa kuheshimiwa, "mimi nabeba mizigo yake. Watoto wangu wanakula kwa mgongo huu."

Ndipo Nanyori akaenda kwa wazee wa mila kuomba Manase aitwe, na akikana, chungu kivunjwe. Walimpokea kwenye viti vya plastiki. Mmoja alikuwa akiangalia simu muda wote. Walimsikiliza, wakatazamana, wakamwambia, "Mama Lesikar, mambo hayo yamepitwa na wakati. Sisi sasa ni watu wa kanisa. Nenda polisi." Akaenda polisi, akaulizwa ana shahidi. Akarudi nyumbani.

Hao ndio wazee tulionao. Wanavaa shuka nyekundu siku ya kupokea wageni wa heshima, wakishapigwa picha wanazivua.

Nanyori akabaki na swali lake. Alipika kwenye shule, akapika kwenye misiba, akasifika kwa loshoro mpaka sifa zikafika mjini kwa Violet, binti wa Manase. Violet alikuwa amesoma mbali na hakujua lolote kuhusu Yiamat. Alikuwa ametangaza safari ya wenyeji, ya kulala msituni na kula vyakula vya asili, na alitaka mpishi wa kweli. Alimpigia Nanyori simu. "Mama, nataka upike kama mlivyopika zamani. Kila kitu cha zamani." Nanyori akauliza kama baba yake atakuwepo. "Atakuwepo, yeye ndiye atakayeongoza." Nanyori akakubali. Kesho yake ndipo alipokwenda Ngaramtoni.

Asubuhi ya safari wapagazi walikuwa wakipima mizigo kwenye mzani uliotundikwa kwenye tawi. Violet akamkimbilia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Jamani, chungu! Mama, umetisha! Hiki ndicho nilichokuwa nakitaka." Akapiga picha. Msichana hana hatia, ana uso mwema, na Nanyori alimpenda bila kutaka.

Kisioki akaja kuchukua kapu alipime. Alipofunua majani ya mgomba, mkono wake ukasimama. Akafunika tena taratibu.

"Yeyo, huu mzigo sibebi."

"Sikukuomba. Ni wangu." Akatoa kanga, akakieleka chungu mgongoni kama mtoto mchanga, akafunga fundo kifuani.

Wageni walikuwa wanawake wa kikundi kimoja kutoka Kimandolu mjini, wengi wao Wachaga wafanyabiashara, wameteremka kwenye basi dogo wakiimba. Kiongozi wao alikuwa Mama Hedwiga, muuza vitenge, mnene, mwenye sauti ya kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara.

"Mimi nimekuja kupunguza kitambi," akatangaza. "Sijaja kufa. Nikianguka mnibebe kwa heshima, msiniburute kama gunia la vitunguu."

"Wa kukubeba wewe itabidi aletwe tembo," mwenzake akasema.

"Tembo na posho yake utalipa wewe."

Manase akashuka kwenye gari lake, amevaa koti jipya la mlimani. Akawasalimia wanawake mmoja mmoja kwa Kichaga, wakafurahi. Halafu akageuka akamwona Nanyori, na nyuma ya bega la Nanyori akaona mdomo mweusi wa chungu.

Akamvuta binti yake kando. "Nani kamleta huyu?"

"Mimi, baba. Ndiye mpishi bora upande huu."

"Mrudishe. Tutapika kwa sufuria na gesi."

"Baba, nimewaahidi loshoro ya kwenye chungu. Wamelipia hiyo. Unataka niwaambie nini?"

Manase akatazama wanawake. Mama Hedwiga alikuwa tayari anauliza kwa sauti loshoro italiwa saa ngapi. Manase akapandisha zipu ya koti lake. Angemwambia nini binti yake? Kwamba anaogopa udongo uliochomwa?

Kwa kawaida wapishi hutangulia. Manase akaamuru Nanyori aende mbele na wapagazi, lakini Violet alikuwa ameshamwomba atembee na wageni awasimulie mapishi. Kwa hiyo siku ile yote, kuanzia kwenye misonobari ya kupandwa mpaka kwenye msitu wa asili wenye mbega na ndevu za kijani kwenye miti, Manase alitembea mbele, na nyuma yake hatua chache alitembea Nanyori na chungu. Akipunguza mwendo, naye anapunguza. Akiongeza, naye anaongeza, mama mwenye wajukuu, bila kuhema.

Kwenye mto mdogo Manase alisimama kutoa maelezo. Alisema mababu walipita hapa wakiwinda simba, wakilala juu ya miti, na kwamba mwanamke hakuruhusiwa kukanyaga njia hii. Alisema hayo mbele ya mwanamke aliyeipita kila kiangazi na bibi yake na punda. Nanyori hakumsahihisha. Hakuja kwa ajili ya hilo.

Mama Hedwiga, aliyekuwa amekaa juu ya gogo akivua kiatu, akamgeukia.

"Mama mpishi, mbona hicho chungu hukishushi? Wenzako wote wametua mizigo."

"Kikianguka kabla ya kufika, nitakuwa nimekuja bure."

"Kufika wapi?"

"Mwamba wa Majani. Mume wangu alifia pale."

"Pole, mama. Alipatwa na nini?"

"Bosi anajua. Muulize."

Wanawake wote wakamtazama Manase. Manase akasema muda unakwenda, mvua inaweza kunyesha, twendeni. Mbingu ilikuwa nyeupe, bila wingu. Mama Hedwiga akavaa kiatu polepole. Kuanzia hapo utani wake ulipungua, akawa anatazama shingo ya Manase na chungu kilichomfuata, kama mtu anayejumlisha hesabu. Kule kwao Rombo bibi yake alikuwa na kigae cha chungu kilichovunjwa, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kupita karibu nacho.

Walipotua kunywa chai Manase akamjia Nanyori peke yake, akaongea chini chini.

"Mama Lesikar, unataka nini?"

"Nimekuja kupika."

"Tusifanyane watoto. Nimejua umebeba nini. Hivyo vitu havina nguvu siku hizi, unajua? Mimi ni mtu wa sala."

"Kama havina nguvu, mbona hujanywa chai yako?"

Kikombe kilikuwa mkononi mwake, kimepoa, kimeota utando.

"Nitakujengea nyumba," akasema. "Lesikar nitampa kazi, awe dereva. Shamba lenu la chini nitawakomboleeni. Sema."

"Koti liko wapi?"

"Mama, yameshapita hayo."

"Koti liko wapi, Manase?"

Manase akamwaga chai kwenye majani. "Siwezi kusema kitu ambacho hakikutokea," akasema, akaondoka. Nanyori akakaza fundo la kanga kifuani.

Nimemsikia mtu wa mjini akisema kisasi ni sumu, kinamla aliyekibeba. Huyo hakumwona Nanyori akipanda. Kisioki aliniapia kwamba kila walivyozidi kukwea ndivyo alivyonyooka, kama mtu anayerudi ujanani, na aliyekuwa akiliwa alikuwa yule wa mbele. Manase alijikwaa kwenye mizizi anayoijua. Alisahau kuwaonyesha wageni nyayo za nyati. Mara mbili aliita wapagazi ili wamwambie mpishi apumzike, na mara zote mbili wapagazi walijifanya hawakusikia, maana habari ilikuwa imewafikia wote na hakuna aliyetaka kusimama kati ya hao wawili.

Wakatoka msituni jua likiwa bado liko juu. Upepo wa bega la mlima uliwapokea, baridi kali, wanawake wakajifunga kanga vichwani. Mwamba wa Majani ulikuwa mbele yao, umeinama, na kando yake wapagazi wakaanza kusimamisha mahema. Chini ya mwamba hapakuwa na jani hata moja. Palikuwa na chupa tupu za maji na ubao wa kupigia picha.

Nanyori akang'oa majani, akayaweka. Halafu akafungua kanga, akakishusha chungu, akakiweka juu ya mafiga, kwenye jiko la wasafiri ambalo limekuwa chini ya mwamba ule tangu enzi za bibi yake. Hakusema neno lolote juu yake. Alichukua dumu akateremka kwenye chemchemi kuteka maji, akamwacha Kisioki akichanja kuni.

Alikuwa na nia gani? Nimemuuliza mwenyewe. Alisema: "Kupika loshoro. Chungu kisichosimamiwa na wazee ni chungu tu. Na ningewezaje kumlaani yule binti aliyeniamkia? Nilitaka Manase akitazame tu, akione pale alipokaa Yiamat. Nilitaka ashindwe kula." Namwamini. Lakini Manase hakuyajua hayo. Alichokiona ni chungu kimeketi mahali pale pale, na jua linashuka, na akajua, kama sisi sote tulivyofundishwa, kwamba vyungu huvunjwa jua linapokwenda kulala.

Wanawake walikuwa wamegeuka upande wa pili, wakipigana picha na nchi ya tambarare nyuma yao. Manase akapita nyuma ya mahema. Hapo ndipo alipokosea, na kosa lile asingelifanya mtu wa Ulaya wala mtu wa pwani, kwa sababu wao wangekiona ni chombo cha jikoni. Alikusudia kukichukua taratibu, akakitumbukize kizima kizima kwenye korongo, mbali na mwamba, kabla mwenyewe hajarudi. Akapiga magoti. Akakishika kwa mikono miwili kama mtu anayeshika yai.

"Bosi! Usikiguse!"

Ni Kisioki, amesimama na shoka. Manase akashtuka, akainuka haraka, na paa la mwamba ni fupi. Kichwa kikagonga jiwe, mikono ikaachia. Chungu kikaanguka juu ya mafiga.

Mlio wake ulikuwa mdogo tu. Lakini wanawake wote wa Kimandolu waligeuka kwa pamoja, kwa kuwa hakuna mwanamke wa milima hii asiyeujua.

Nanyori alikuwa anapandisha na dumu lake. Akalitua. Akatazama vigae, akamtazama Manase aliyerudi chini kwa magoti katikati yavyo.

"Mimi sikukivunja," akasema. "Mashahidi ninyi nyote."

"Baba Violet," Mama Hedwiga akasema, na sauti yake ya sokoni ilikuwa imeshuka mpaka chini kabisa, "umejivunjia chungu mwenyewe?"

"Kimeniponyoka."

"Ulikuwa unakipeleka wapi?"

Wazee wetu walisema mtu anayevunja chungu huku ana uongo tumboni, ameumeza uongo wake na vigae pamoja. Mama Hedwiga aliujua msemo huo kwa Kichaga. Akausema.

"Baba, ni nini?" Violet akauliza. "Mbona mnaniogopesha? Si chungu tu?"

"Nyamaza, mwanangu."

"Usimnyamazishe," Kisioki akasema. Alikuwa bado ameshika shoka, nadhani alikuwa amesahau. "Mimi nilikuwepo. Sema wewe, au nasema mimi. Nimenyamaza mpaka nimechoka."

Upepo ukapita. Manase akamtazama binti yake kwanza, halafu wanawake, halafu Nanyori, akitafuta uso mmoja wa kumwonea huruma. Hakuupata.

"Hakuwa amelewa," akasema.

"Sisikii," akasema Nanyori.

"Yiamat hakuwa amelewa! Alikuwa na homa. Nilimvua koti nikampa mgeni. Nilimwambia tutarudi."

"Koti liko wapi?"

"Mgeni aliondoka nalo. Liko kwao Ulaya. Sijui." Akashika vigae viwili, akajaribu kuviunganisha, kama mtoto. "Mama Lesikar, nimesema. Nimesema mbele yao wote. Sasa tamka neno. Nina watoto. Tamka neno livunje hili."

"Neno gani? Chungu nilinunua mimi, kwa ajili ya loshoro. Maneno yaliyo juu yake umeyaweka wewe. Yaondoe mwenyewe."

"Nifanye nini?"

Nanyori akaonyesha kwa kidevu pale ukutani mwa mwamba. "Alikaa pale. Na shati."

Mwishowe Manase akafungua zipu ya koti lake jipya, akalivua, akaliweka juu ya majani mabichi. Akaenda akaketi pale, mgongo kwenye jiwe, na shati.

Violet alilia. Alichukua blanketi akataka kumpelekea. Mama Hedwiga akamshika mkono. "Mwache, mwanangu. Baba yako anakunywa dawa yake. Mpaka jua lizame, basi. Hatafa; mwenzake alikaa mpaka asubuhi."

Nanyori akapika. Alipika loshoro kwenye sufuria ya bati, wakala wote, na hakuna aliyelalamika. Jua lilipogusa nchi kavu kule chini, alipakua bakuli akampelekea Manase mwenyewe, aliyekuwa anagonganisha meno.

"Kula," akamwambia. "Sitaki ufe. Nataka uikumbuke hii baridi."

Akaokota vigae vyote, hata vile vidogo, akavifunga kwenye ile kanga. Kesho yake wanawake wa Kimandolu hawakuendelea na safari. Walishuka na Nanyori mpaka kijijini, wakasimama kisimani, na Mama Hedwiga akatangaza habari za Yiamat kwa sauti ile ya kuuzia vitenge. Kabla ya jioni hapakuwa na boma ambalo halikujua. Shemeji zake wamelirudisha shamba la chini bila kuombwa, na wakikutana na Lesikar wanamsalimia wao kwanza.

Vigae viko jikoni kwa Nanyori, juu ya dari ya kukaushia kuni. Manase amekonda. Gari lake moja lilipata ajali bila kuumiza mtu, ng'ombe wake mmoja akafa wakati wa kuzaa, mambo yanayompata kila mtu. Lakini yeye sasa kila linalomfika analijua jina lake. Na hapati usingizi, maana kwa mila laana haiondoki mpaka vigae vile vizikwe na mwenyewe akubali.

Juzi alituma watu. Walikuwa wale wale wazee wa viti vya plastiki, safari hii na shuka zao nyekundu na kondoo mnono wa kusafishia. Walikaa kwa Nanyori, wakanywa chai yake, wakasifu chai. Halafu mkubwa wao akakohoa, akasema wamekuja ili mila ifuatwe, vigae vitolewe, kondoo achinjwe, mtu apone.

Nanyori alikuwa akichambua maharage. Hakuinua macho.

"Wazee wangu," akasema, "mambo hayo yamepitwa na wakati. Sisi sasa ni watu wa kanisa. Mwambieni aende polisi."

Wakaondoka na kondoo wao. Nilikuwa nimesimama langoni kwangu walipopita. Sikuwapa pole.